Mgodi Ukifa, Kijiji Kiishi Vipi?

Mkulima akivuna mahindi, shamba linabaki. Mvua zikinyesha tena, atapanda tena. Mgodi hauko hivyo. Madini yakishachimbwa yamekwisha, hayaoti tena. Siku moja mitambo inazimwa, magari yanaondoka, mishahara inakatika. Kinachobaki ni mashimo, vifusi, maji machafu na watu wasio na kazi.

Basi, nani atafukia mashimo hayo? Fedha zitatoka wapi? Na mashimo yakishafukiwa, watu watakula nini?

Maswali haya yako kila mahali penye migodi. Leo tutaeleza jinsi nchi moja, Marekani, inavyojaribu kuyajibu. Marekani imechimba makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka 200. Iliharibu ardhi nyingi sana, halafu ikatunga sheria ya kuitengeneza. Mahali pengine imefaulu, mahali pengine imekosea. Tuyaangalie yote mawili, maana yote yana mafunzo.

MILIMA YENYE MAKAA

Mashariki ya Marekani iko safu ndefu ya milima iitwayo Appalachia. Safu hiyo inapita katika majimbo mengi. Majimbo matatu yanajulikana sana kwa makaa ya mawe: Pennsylvania, West Virginia na Kentucky.

Makaa ya milima hiyo yaliendesha magari moshi. Yaliyeyusha chuma viwandani. Yalitoa umeme wa miji mikubwa. Watu walitoka mbali kuja kuchimba. Mahali pengi kampuni ilijenga nyumba za wachimbaji, ikafungua na duka. Mtu alifanya kazi kwa kampuni, alilala katika nyumba ya kampuni, akanunua unga katika duka la kampuni. Kijiji kizima kilitegemea mgodi mmoja.

Mwaka 1940 jimbo la West Virginia peke yake lilikuwa na wachimbaji zaidi ya 100,000. Katika miaka ya 2020 hawafiki hata 20,000. Kwa nini? Kwanza, mashine zilikuja, zikafanya kazi ya watu wengi. Pili, kampuni zilianza kupasua milima kutoka juu kwa baruti na matingatinga, na kazi hiyo haihitaji watu wengi kama ya chini ya ardhi. Tatu, viwanda vya umeme vilipata gesi ya bei rahisi, vikaacha makaa.

Kazi zikaondoka. Vijana wakaondoka. Mashimo hayakuondoka.

HASARA ILIYOBAKI

Zamani hapakuwa na sheria ya nchi nzima ya kuilazimisha kampuni kutengeneza ardhi iliyoichimba. Kampuni ilichimba, ikauza, ikahama. Nyingine zilifilisika. Leo ukitafuta mwenye shimo, humpati. Ndiyo maana mahali kama hapo huitwa mgodi uliotelekezwa, yaani mgodi ulioachwa bila mwenyewe.

Madhara yake ni ya namna nyingi.

La kwanza ni ardhi kutitia. Chini ya kijiji kuna njia za zamani za wachimbaji, ziko wazi kama mashimo ya panya. Nguzo za chini zikioza au zikivunjika, ardhi inazama. Nyumba inapata nyufa, barabara inadidimia.

La pili ni moto. Makaa ya mawe yanaweza kuwaka chini ya ardhi miaka mingi. Katika mji mdogo wa Centralia, jimbo la Pennsylvania, moto ulianza mwaka 1962. Inaaminika kwamba ulitokana na takataka zilizochomwa katika shimo la zamani la mgodi. Ukaingia katika makaa ya chini. Walijaribu kuuzima mara kadhaa, lakini fedha zilikuwa kidogo kuliko moto. Mwaka 1981 mtoto wa miaka 12 alikuwa nyuma ya nyumba, ardhi ikafunguka ghafla chini ya miguu yake. Akaokolewa kwa bahati. Katika miaka ya 1980 Bunge la Marekani lilitoa dola milioni 42 ili kuhamisha watu. Mji ulikuwa na watu kama 1,000. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta watu 5 tu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Centralia hata ukuta haukujengeka.

La tatu ni maji. Ndani ya miamba ya makaa kuna madini yenye chuma na salfa. Yakiwa yamefunikwa hayana neno. Yakikutana na hewa na maji yanatoa asidi, yaani maji makali kama yale ya betri. Asidi hiyo inayeyusha chuma na madini mengine. Maji yakitoka nje yanageuka rangi ya machungwa, kama kutu. Samaki wanakufa. Mawe ya mtoni yanavaa koti la kutu. Katika Pennsylvania peke yake mito na vijito vyenye urefu wa zaidi ya kilomita 8,000 vimeharibiwa kwa njia hiyo. Tena maji haya hayaishi upesi. Mgodi uliofungwa miaka 100 iliyopita unaweza bado kutoa maji machafu leo.

La nne ni malundo ya taka. Makaa yakioshwa, mawe na tope hutupwa. Lundo linakua mpaka linakuwa kama mlima. Tarehe 26 Februari 1972, katika bonde la Buffalo Creek huko West Virginia, ukuta wa taka za makaa uliozuia maji ulibomoka. Maji meusi yaliteremka bondeni asubuhi. Watu 125 walikufa, na maelfu wakakosa nyumba. Mgodi ule ulikuwa bado unafanya kazi. Lakini watu wote nchini waliona taka ya mgodi inaweza kufanya nini isipotazamwa.

SHERIA YA MWAKA 1977

Baada ya maafa na malalamiko mengi, sheria ilipatikana. Rais Jimmy Carter aliitia sahihi tarehe 3 Agosti 1977. Sheria hii ina mambo mawili makubwa. Mwanakijiji yeyote anaweza kuyaelewa.

Jambo la kwanza ni dhamana. Kampuni inayotaka kuchimba makaa lazima iweke dhamana kabla ya kuanza. Ikimaliza kuchimba na kuitengeneza ardhi, inarudishiwa dhamana yake. Ikikimbia, serikali inachukua dhamana hiyo na kutengenezea ardhi. Ni kama mtu anayeazima baiskeli yako na kukuachia redio yake. Asiporudisha baiskeli, redio haipati.

Jambo la pili ni ada kwa kila tani. Dhamana inasaidia migodi mipya. Je, ile ya zamani ambayo wenyewe wameshakimbia? Sheria ilisema hivi: wanaochimba leo walipe kidogo kidogo kwa ajili ya uharibifu wa zamani. Fedha hizo ziwekwe katika mfuko maalumu.

Mwaka 1977 ada ilikuwa senti 35 kwa kila tani ya makaa yaliyochimbwa juu ya ardhi. Kwa makaa ya chini ya ardhi ilikuwa senti 15. Baadaye ada ilipunguzwa. Tangu mwaka 2021 ni senti 22.4 kwa tani ya juu ya ardhi na senti 9.6 kwa tani ya chini. Ada hii imepangwa kuendelea kukusanywa mpaka mwaka 2034.

Haya, tupige hesabu pamoja. Dola 1 ni senti 100. Kampuni ikichimba tani milioni 1 juu ya ardhi, italipa senti 22.4 mara milioni 1. Hizo ni dola 224,000. Kwa ada ya zamani ya senti 35, ingelipa dola 350,000. Unaona? Senti zinaonekana ndogo, lakini tani zikiwa nyingi mfuko unajaa.

Lakini ngoja kidogo. Mfuko huu unategemea makaa yanayochimbwa. Makaa yakipungua, na mfuko unapungua. Ndivyo ilivyokuwa. Migodi ilifungwa, ada ikapungua, na mashimo ya zamani bado yalikuwa maelfu. Kwa hiyo mwezi Novemba 2021, wakati wa Rais Joe Biden, ilipitishwa sheria iliyotoa kiasi cha dola bilioni 11.3 kutoka hazina ya serikali kwa kazi hii. Fedha hizo zilipangwa kutolewa kwa miaka 15.

KUFUKIA SHIMO HAKULETI CHAKULA

Fedha za mfuko wa mwaka 1977 zina masharti. Kwanza zinatumika mahali penye hatari kwa maisha ya watu: shimo lililo wazi, nyumba inayotitia, moto, lundo linaloweza kuporomoka. Baadaye ndipo zinatumika kutengeneza ardhi na maji yaliyoharibika. Tena, kwa kawaida ni kwa migodi iliyoachwa kabla ya tarehe ile ya Agosti 1977.

Utaratibu huu ni mzuri. Uhai kwanza. Lakini baada ya miaka mingi watu wa milimani waliona kasoro. Mkandarasi anakuja, anafukia shimo, anapanda majani, anaondoka. Mahali panapendeza. Lakini kijana aliyekuwa mchimbaji bado amekaa barazani hana kazi. Shule inafungwa kwa kukosa watoto. Kumbe ardhi imepona, lakini kijiji bado kinaumwa.

Ndipo mwaka 2016 ulipoanza mpango mpya. Shabaha yake ni kuunganisha mambo mawili: kutengeneza ardhi ya mgodi ulioachwa, na papo hapo kuleta kazi na kipato kwa watu wa hapo. Fedha za mpango huu hazitoki katika ada ya makaa. Zinatoka katika hazina ya serikali kuu, yaani kodi ya wananchi wote, na Bunge huzipitisha.

Mwaka wa kwanza zilitolewa dola milioni 90. Pennsylvania, West Virginia na Kentucky zilipata dola milioni 30 kila moja. Mwaka 2017 zikawa dola milioni 105, na majimbo ya Alabama, Ohio na Virginia yakaingizwa. Mwaka 2018 zikafika dola milioni 115, na makabila ya wenyeji wa asili yenye ardhi ya migodi nayo yakapewa fungu.

RUZUKU NI NINI?

Fedha hizi huitwa ruzuku. Tulielewe vizuri neno hili, maana linachanganya watu.

Mkopo unarudishwa, tena mara nyingi na riba. Ruzuku hairudishwi. Lakini ruzuku si zawadi ya sikukuu. Zawadi unaitumia upendavyo. Ruzuku inatolewa kwa kazi iliyoandikwa. Ukiomba fedha za bomba la maji, huwezi kununulia gari. Ukizitumia kwa kazi nyingine, unaweza kudaiwa uzirudishe, au kupelekwa mahakamani.

Fedha za ruzuku hazimwagwi mikononi mwa kila mtu. Zinapita njia ndefu. Njia yenyewe, kwa ufupi, ni hii:

1. Bunge linapitisha fedha za mwaka.

2. Ofisi ya serikali kuu inayosimamia migodi ya makaa inagawa mafungu kwa majimbo.

3. Ofisi ya jimbo inatangaza: wenye mawazo walete maombi. Wanaoomba mara nyingi ni halmashauri za wilaya na miji, mashirika ya maji, na vyama vya maendeleo visivyotafuta faida.

4. Jimbo linachagua. Linauliza: je, mahali penyewe pana mgodi ulioachwa, au pako karibu na mgodi huo? Je, kazi hii italeta maendeleo kwa watu wa hapo? Kazi isiyohusiana na ardhi ya mgodi inakataliwa hata kama ni nzuri.

5. Ofisi ya serikali kuu inakagua uchaguzi huo. Pia inaangaliwa kama kazi itadhuru maji, misitu, wanyama au mahali pa kumbukumbu.

6. Ruhusa ikitoka, ndipo kazi inaanza. Mwenye kazi anaweka hesabu na stakabadhi, na anaandika ripoti.

Njia hii inachukua muda. Watu wengi walilalamika kwamba ni ndefu mno. Malalamiko hayo yana haki yake, kwa sababu mtu asiye na kazi hawezi kungoja miaka. Lakini hatua hizo zina maana yake pia. Fedha isiyokaguliwa huliwa kabla haijafika.

MTO ULIOTOA RANGI

Sasa tuone mifano.

Katika jimbo la Ohio kuna mahali paitwapo Truetown. Kutoka mgodi wa zamani hapo, maji yenye chuma yalikuwa yakibubujika usiku na mchana, mamilioni ya lita kila siku. Yaliingia katika kijito cha Sunday Creek na kukigeuza rangi ya machungwa.

Walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Ohio walishirikiana. Mmoja, Guy Riefler, ni mhandisi. Mwenzake, John Sabraw, ni mchoraji. Mhandisi alijua kwamba kile kinachochafua maji ni chuma chenye kutu. Mchoraji alijua kwamba kutu ya chuma, ikisafishwa na kusagwa, ni unga wa rangi. Rangi nyingi nyekundu, njano na kahawia zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa chuma cha namna hiyo. Wakajaribu. Wakakitoa chuma majini, wakakikausha, wakakichoma. Ukapatikana unga mzuri, na maji yakatoka safi zaidi.

Shirika la maendeleo la hapo liliungana nao ili kujenga kiwanda. Fedha za ruzuku ya ardhi ya migodi, dola milioni 3.5, zilisaidia kuanzisha kazi hiyo. Shabaha ni kwamba rangi ikiuzwa, fedha zake zilipe gharama za kusafisha maji. Uangalie wazo hili vizuri. Kusafisha maji ya mgodi ni kazi isiyoisha. Kama kila mwaka unangoja ruzuku, siku moja ruzuku itakoma. Lakini uchafu wenyewe ukiuzwa, kazi inaweza kujilipa.

Mfano wa pili ni Ehrenfeld, kijiji cha Pennsylvania. Lundo kubwa la taka za makaa lilikaa karibu na nyumba za watu. Mvua ikinyesha, taka ziliteremka mtoni. Mwaka 2016 kazi ya kuliondoa ilianza, na sehemu ya fedha ilitoka katika mpango huu mpya. Watu walioendesha mitambo walikuwamo wachimbaji waliopoteza kazi migodini. Ufundi wao haukutupwa. Aliyejua kuchimba mlima alijua pia kuusawazisha.

MBUGA ILIYOCHELEWA

Si kila kazi imekwenda vizuri. Katika jimbo la Kentucky wako wanyama waitwao elki. Ni wa jamii ya kulungu, lakini wakubwa sana. Walikuwa wametoweka kabisa katika jimbo hilo. Kati ya mwaka 1997 na 2002 serikali ya jimbo ilileta elki zaidi ya 1,500 kutoka magharibi ya nchi, ikawaachia katika milima iliyokuwa migodi. Majani yaliyopandwa juu ya migodi yaliwafaa. Wakazaana.

Watu wakapata wazo la kujenga mbuga katika wilaya ya Bell, juu ya ardhi ya migodi ya zamani. Watalii wangekuja kuangalia elki. Mwaka 2016 ruzuku ya dola milioni 12.5 ilitangazwa kwa kazi hiyo. Ilisemwa kwamba milango ingefunguliwa mwaka 2019, na kwamba mamia ya watu wangepata kazi. Mwaka 2019 ukapita. Mwaka 2022 ukapita. Hadi mwisho wa 2023 mbuga ilikuwa bado haijafunguliwa kwa watalii.

Tujiulize, kwa nini kazi kubwa za namna hii huchelewa? Ruzuku ya kuanzia mara nyingi haitoshi kumaliza. Inabidi fedha nyingine zitafutwe, na zisipopatikana, jengo linabaki nusu. Halafu watu wanakuwa wameahidiwa kazi ambazo bado hazipo. Ahadi ikichelewa, imani inapotea, na kazi nzuri inayokuja baadaye inakataliwa na watu waliochoka kudanganywa.

MAMBO MANNE YA KUKUMBUKA

Kutokana na habari hizi tunaweza kutoa mambo manne.

Moja: Uhai kwanza, biashara baadaye. Usijenge soko juu ya ardhi inayotitia. Shimo lizibwe, maji yapimwe, ndipo kazi nyingine ianze.

Mbili: Kazi ndogo inayosimama ni bora kuliko kubwa inayoanguka. Bomba la maji, barabara, mabwawa ya kusafisha maji, ufundi wa vijana: hivi havipigiwi ngoma sana, lakini vinabaki.

Tatu: Uliza nani ataendesha. Kabla ya kupokea ruzuku ya mashine, uliza: ikiharibika, nani atanunua kipuri? Umeme utalipwa na nani? Ruzuku inalipa siku ya kuanza. Siku zinazofuata ni zenu.

Nne: Fedha ya kufukia ikusanywe wakati mgodi uko hai. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Marekani walichelewa. Makampuni yalichukua faida wakati wa neema, na wananchi wanalipa kwa kodi zao wakati wa dhiki. Dola bilioni 11.3 za mwaka 2021 ni bei ya kuchelewa.

NA HAPA KWETU?

Ndugu msomaji, Tanzania ina migodi ya dhahabu, almasi, makaa ya mawe na vito. Ipo mikubwa ya kampuni, na ipo ya wachimbaji wadogo. Sote tumeona mashimo yaliyoachwa. Masika yanajaa maji. Mbu wanazaliana humo. Ng'ombe anatumbukia, na mara nyingine mtoto.

Sheria yetu inalijua jambo hili. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inaweka utaratibu wa dhamana ya kurekebisha ardhi baada ya kuchimba, kama ile tuliyoeleza hapo juu. Na mwaka 2017 sheria hiyo ilibadilishwa. Mwenye leseni ya kuchimba anatakiwa kila mwaka aandae mpango wa kuisaidia jamii inayomzunguka, na mpango huo akubaliane na halmashauri ya mahali hapo.

Maana yake ni nini kwa mwanakijiji? Maana yake ana mahali pa kuulizia. Katika mkutano wa kijiji anaweza kusimama na kusema: "Ndugu Mwenyekiti, naomba kujua. Mgodi huu ukifungwa, mpango wake wa kurekebisha ardhi unasemaje? Dhamana imewekwa? Na mpango wa mwaka huu wa kusaidia jamii, kijiji chetu kimo?" Swali hilo si ugomvi. Ni haki ya mtu anayekaa karibu na shimo. Jibu liandikwe katika muhtasari wa mkutano. Neno lililosemwa hupotea, lililoandikwa hubaki. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika unaweza kuusoma muhtasari huo mwakani, ukauliza tena.

Na ikiwa kijiji chako kinaomba fedha popote, iwe halmashauri au shirika, jitayarisheni kabla. Andikeni shida yenyewe kwa maneno machache. Chagueni kamati yenye wanawake na wanaume, maana mara nyingi mama na watoto ndio wanaochota maji yanayotiririka kutoka mgodini. Pangeni bei ya kila kitu. Semeni nani ataendesha kazi fedha zikiisha. Na kila senti iandikwe daftarini, mbele ya macho ya watu.

Mgodi una umri wake kama mtu. Unazaliwa, unapata nguvu, unazeeka, unakufa. Mwenye busara humwandalia mzee mahali pa kulala kabla hajaanguka. Kijiji chenye mgodi kianze kuuliza leo, wakati magari bado yanapita na mishahara bado inalipwa. Kesho mwenye mgodi akiondoka, atakayeulizwa hayupo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ruzuku na mkopo vinatofautiana namna gani? Toeni mfano wa kila kimoja katika kijiji chenu.

2. Kampuni ikichimba tani 500,000 za makaa chini ya ardhi, na ada ni senti 9.6 kwa tani, italipa dola ngapi? (Jibu: dola 48,000.)

3. Kwa nini kazi ya kutengeneza rangi kule Truetown inaweza kudumu kuliko kazi inayongoja ruzuku kila mwaka?

4. Je, karibu nanyi yako mashimo yaliyoachwa? Ni yapi ya hatari zaidi? Nani aliyachimba, na nani aulizwe?

5. Kijiji chenu kikipewa fedha leo za kutengeneza ardhi iliyochimbwa, mtaanza na kazi gani? Nani ataiendesha fedha zikiisha?